Namba ya Fremu

Chini ya tandiko, kwenye bomba la kiti,
fundi wa kiwanda tusichokijua
aligonga tarakimu saba kwa nyundo.
Hazikusimama sawa. Nane ya pili imeegemea jirani yake
kama mtu aliyechoshwa na foleni.

Milioni nne, laki moja themanini na nane elfu,
mia mbili sabini na tatu.

Shangazi Asekenye hakuwahi kuitamka hivyo.
Aliijua mojamoja, kwa pumzi,
akisukuma gunia la mihogo mikavu kwenda Soroti:
nne, moja, nane, nane, mbili, saba, tatu,
na tena, mpaka mwamba wa mji uonekane.

Juni ile tulikimbia kwa miguu, usiku.
Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta wa jiko.
Tuliikuta Novemba, uani kwa polisi,
ndani ya lundo la baiskeli nyeusi zilizosukana kama miiba.
Kila mtu alisema: yangu ni nyeusi, ina kengele.
Yeye alisema namba.
Konstebo akainama, akasugua kutu kwa kidole gumba,
akasoma, akamtazama,
akasoma tena.

Leo nafundisha hesabu,
na jana, mvua ikitufungia jikoni,
nilichukua chaki nikaiandika nyuma ya mlango.

Ni witiri: mbili haipiti.
Jumlisha tarakimu zake, thelathini na tatu;
basi tatu inaingia, tisa inaachwa nje.
Tano haina hata pa kubishia.
Saba inabakiza tano, kumi na moja inabakiza moja.
Kumi na saba ikakata
bila punje kudondoka.
Kisha nikapapasa hadi arobaini na moja, nayo ikakata,
na chini kabisa pakabaki
elfu mbili na tatu.

Niliijaribu kwa saba: baki moja.
Kwa kumi na moja: baki moja.
Kumi na tatu: moja, ileile,
kama kubisha hodi nyumba iliyo na mtu mmoja
na mtu huyo hataki wageni.
Nilipovuka arobaini na tatu nikaweka chaki chini.
Namba tasa.

Neno nalitumia darasani kila wiki.
Jana lilikwama kooni,
maana ndilo walilomwita sokoni miaka yote ile,
kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nimeshika kanga yake.

Opolot wa jirani, mwenye macho ya haraka, akauliza:
Kwa hiyo namba iliujua mwaka? Mwaka mliokimbia?
Hapana, nikamwambia. Fremu iligongwa mimi sijazaliwa.
Namba haijui kitu. Kila namba lazima iwe na kitu tumboni.
Nilisema hivyo, kwa sauti ya ualimu,
na bado sikuifuta.

Nikaendelea, kwa kuwa kuendelea ni rahisi.
Vigawo kumi na sita. Ukiiacha yenyewe,
jumla ya vilivyobaki haifiki hata nusu yake:
wataalamu huiita pungufu.
Si mraba; imesimama baina ya mraba wa elfu mbili arobaini na sita
na ule wa elfu mbili arobaini na saba,
haina kwao huku wala kule.

Shangazi alikuwa anachambua mtama.
Akasema bila kuinua kichwa:
Umeshaivunja vipande vinne.
Haya, irudishe.

Tatu kwa kumi na saba, hamsini na moja.
Kwa arobaini na moja, elfu mbili tisini na moja.
Kisha ule mwaka, nikiuzidisha polepole,
chaki ikilia kwenye ubao wa mlango,
mpaka tarakimu saba zikasimama tena kwenye mstari.

Akaja, mikono ina vumbi la mtama,
akazifuata kwa kidole, midomo ikicheza,
akafika ya nne, akasimama.

Hii nane, akasema,
umeinyoosha mno.